Mzazi wa Mbio na Siri ya Bi Rukia

Siku niliyostaafu wasichana wa wodi walinipa leso mbili na keki, wakaniambia, "Sista Kadzo, sasa nenda ukapumzike." Nikaenda, nikapumzika. Kufikia Ijumaa nilikuwa nimechoka kupumzika, nikawa napita kliniki kila asubuhi kujifanya nimesahau mwavuli. Sasa mmenichoka na mwavuli wangu, mmeniambia nikae nyumbani niandike. Haya, naandika, lakini msilalamike mkiniona naruka huku na huku. Watoto niliowapokea nao hawakuja kwa mpangilio.

Nyinyi mnaoanza kazi huniuliza mzazi gani ni mgumu. Mnadhani nitasema yule anayepiga mayowe. La! Mpiga mayowe ni rafiki yangu, kwa sababu najua yuko wapi na amefikia wapi. Hata yule aliyeniuma mkono nilimsamehe, na kwa shukrani mtoto wake akapewa jina langu, ingawa alikuwa mvulana na babake akalibadilisha kabla sijamaliza kujivuna. Wa kuogopa ni yule anayezaa mbio. Huyo watu humpongeza. "Mashallah, wewe ukipiga chafya tu mtoto huyo!" Na anayemshinda huyo kwa kuogopesha ni aliyezaa mbio, akatokwa na damu nyingi baada ya mtoto, kisha akarudi na mimba nyingine. Haraka haraka haina baraka, wanangu, na sijaona mahali methali hiyo inapokaa vizuri kama chumba cha leba.

Sababu mnaijua, mmefanyia mtihani. Mtoto ametoka, kondo limetoka, kila mtu anacheka, na ule mji wa mimba uliofanya kazi ya siku nzima kwa muda mfupi unaamua kulala. Badala ya kujikunja na kubana mishipa, unalegea, na damu inatoka bila kubisha hodi. Mama mwenyewe haumwi. Anakuuliza mtoto ana nywele, na huku anakwenda.

Aliyenifundisha kuuogopa utulivu huo ni Sista Mbeyu, bosi wangu wa kwanza, mwanamke mfupi ambaye alikuwa akipanda kistuli ili amfikie mgonjwa kitandani. Kazi yangu ya kwanza kwake nilimwambia kwa madaha, "Sista, mji umekaza." Akaniuliza, "Mkono wako uko wapi?" Ulikuwa mfukoni. Akautoa mfukoni yeye mwenyewe, akauweka juu ya tumbo la mama, na akaniacha hapo mpaka nikajua kwa kiganja changu tofauti ya mji uliokaza, ulio mgumu kama embe bichi, na ule uliolegea, ambao huupati hata ukiutafuta. Tangu hapo sikumwamini mtu yeyote anayesema "umekaza" akiwa amesimama mlangoni.

Sista Mbeyu huyohuyo alifungua friji ya dawa siku moja akakuta tafi wawili wamelazwa juu ya sindano za kukaza mji. Sindano zile zinataka baridi yake, na mlango wa friji ukifunguliwa ovyo dawa inaharibika bila kubadilika rangi, ukaidunga ukadhani umemtibu mtu. Hakugomba. Aliwachukua wale tafi, akaenda kuwala nyumbani kwake, na kesho yake akauliza mbele yetu sote mwenye samaki ni nani ili amshukuru. Hakuna aliyejitokeza. Nami nasema hapa bila aibu kwamba sikuwa mimi, mimi sili tafi.

Siku zile damu tulikuwa tunaipima kwa macho. Kidogo, wastani, nyingi. "Wastani" ya mmoja ilikuwa "nyingi" ya mwenziwe, na mimi nilipokuwa nataka kwenda nyumbani yote ilikuwa "kidogo". Nyinyi leo mna ile plastiki inayotandikwa chini ya mama, yenye mfuko na mistari, damu inaingia mnaisoma kama maziwa kwenye chupa. Msiione usumbufu. Ningekuwa nayo tangu ujana wangu ningekuwa na nywele nyeusi mpaka leo.

Sasa niwajuze Zuhura, maana ndiye aliyenifanya nishike kalamu.

Zuhura ni binti wa Ngomeni aliyeolewa Shella, Malindi. Mumewe, Athmani, ni mpishi katika hoteli moja ya Bofa, kule Kilifi, na huja nyumbani siku zake za mapumziko. Kwa hivyo Zuhura anaishi na mavyaa wake, mamake Athmani, Bi Rukia. Huyu Bi Rukia mkimwona mtamsalimu kwa kuinama bila kuambiwa. Ana sauti ndogo, buibui lililopigwa pasi, na ana imani moja kubwa: uchungu wa uzazi hautangazwi.

Msicheke. Hata kwetu Kaloleni ni hivyo hivyo. Mwanamke akishikwa na uchungu hasemi, kwa sababu kila anayejua anauongeza, na akijua hasidi anaufunga kabisa. Basi mama anatabasamu, anafagia, anaulizwa "u mzima?" anajibu "mzima", na vidole vya miguu vimekunjika ndani ya ndara. Kwa mtu anayekaa na uchungu mpaka jua lizunguke, siri hiyo haina madhara makubwa. Kwa mzazi wa mbio ni balaa.

Mimba yake ya kwanza Zuhura alifika hospitali mtoto akiwa karibu kushika mlango. Ya pili hakufika. Ilikuwa mchana, kuna wageni wa posa ya shemejiye, na yeye anapakua biriani. Uchungu ukaanza kwenye sinia la kwanza. Akanyamaza. Akapeleka sinia la pili, akapeleka na la tatu, akasifiwa kachumbari, akaomba ruhusa kwenda bafuni, na huko bafuni akazaa. Bi Rukia aliniambia baadaye kwamba kwa muda mfupi alijiona amebarikiwa, kwa kuwa mkaza mwanawe alikuwa amezaa na nyumba nzima haikujua. Kisha akaona sakafu.

Walimleta kwa tuktuk, mtoto kafungwa kwenye leso, Zuhura kalala kwenye mapaja ya mavyaa wake. Nilikuwa zamu. Nikaupata mji umelegea kabisa, nikaukanda, tukamtia dripu mikono yote miwili, daktari akaja, tukapambana. Aliongezewa damu ya watu asiowajua. Alipona. Nilipompa mkono siku ya kutoka, kiganja chake kilikuwa bado hakina rangi, nikajiambia huyu nisimwone tena humu ndani ila akija kumtazama mgonjwa.

Nikamwona tena, katika mwaka wangu wa mwisho kazini. Aliingia kliniki na tumbo, na nyuma yake Bi Rukia, na nyuma ya Bi Rukia Athmani na kofia yake mkononi.

"Shikamoo, Bi Rukia."

"Marahaba, mwanangu. Tumekuja tu, si kwa jambo."

Si kwa jambo! Tumbo lile lilikuwa limeshapita mlangoni kabla yao.

Daktari wetu, mama kijana mpole ambaye husikiliza mpaka mwisho, aliwakalisha na kuwauliza wanaonaje kuhusu mahali pa kujifungulia. Hapo kila mtu akatoa lake.

"Nyumbani," akasema Bi Rukia. "Mtoto wa huyu hana haja ya gari. Anakuja mwenyewe. Nitatafuta mkunga wa hapo hapo mtaani, tufunge mlango, iwe basi."

"Apasuliwe," akasema Athmani. Alikuwa akitokwa na jasho na feni inazunguka. "Daktari, nichagulie siku, niombe ruhusa kazini, apasuliwe niko hapa nje. Nimechoka kupigiwa simu na mikono iko kwenye unga."

"Kwetu Ngomeni wanataka niende kwa mama," akasema Zuhura, akitazama chini. "Ndiyo ada. Mtu huzaa kwao."

Daktari hakumcheka yeyote. Alimwambia Bi Rukia kwamba ni kweli mtoto anakuja mwenyewe, ila ya hatari ni damu inayomfuata, na nyumbani hakuna dripu, hakuna damu ya kuongeza, na aliyetokwa na damu nyingi mara moja ana nafasi kubwa kuliko wengine ya kutokwa tena. Alimwambia Athmani kwamba upasuaji una siku zake na unaokoa, lakini nao humwaga damu, tena kuliko kuzaa kwa kawaida, na huacha kovu litakalofikiriwa katika kila mimba inayofuata. Mtoto amekaa vizuri, Zuhura hajawahi kushindwa kusukuma, kwa hivyo hakuona sababu ya kumkimbizia kisu. Kuhusu Ngomeni aliuliza swali moja tu, mvua ikinyesha barabara inakuwaje? Athmani akacheka kwa uchungu. Ile barabara haipitiki.

Zikabaki njia mbili. Zuhura ahamie karibu na hospitali majuma ya mwisho, aje anaposikia dalili ya kwanza. Au aitwe siku maalumu aanzishiwe uchungu akiwa kitandani, dripu iko tayari. Daktari akafafanua kwamba hiyo ya pili nayo ina ubaya wake, kwani mwili unaokwenda mbio ukisukumwa na dawa unaweza kukimbia zaidi, na tena njia hiyo inataka mlango wa mji uwe umeanza kulainika. Wakaanza kubishana tena, mama na mwana, mpaka Zuhura akasema kwa sauti ambayo sikujua kama anayo.

"Mnanipima kama mchele. Kuna aliyeniuliza mimi?"

Athmani akaiweka kofia yake mapajani.

"Ile mara ya pili," akasema, "kwenye tuktuk, nilikuwa nasikia. Bi Rukia alikuwa ananisomea Yasini. Nilikuwa hai, nasomewa Yasini, na sina nguvu za kumwambia bado sijafa. Sitaki kusikia hivyo tena. Nataka niwe mahali ambapo damu ikija kuna mtu kaisubiri."

Bi Rukia aligeuka kutazama ukutani, kwenye picha ya mama anayenyonyesha, akaitazama kwa makini sana.

Zuhura akachagua mwenyewe. Atakaa karibu na hospitali, na wiki yake ikitimia bila dalili ataingia aanzishiwe. Akapewa tembe za kuongeza damu, maana ilikuwa chini kidogo, na ndoo iliyojaa nusu haivumilii kuvuja. Athmani akachangia damu siku ile ile, na kakake Zuhura akaja kesho yake, zikawekwa chupa mbili kwa ajili yake. Mambo yote sawa, isipokuwa Bi Rukia.

Alinifuata kwenye veranda. "Sista, akihamia mjini mtaa mzima utauliza kwa nini. Watajua. Na yule Saumu wa viazi ataanza kuhesabu siku kwa vidole."

Saumu ni jirani yake anayekaanga viazi vya karai na bajia pale kwenye kona. Hana mtoto. Kwa sababu hiyo tu, na kwa sababu ana macho makubwa ambayo Mungu alimpa bila kumwuliza, Bi Rukia alikuwa ameshaamua kwamba ana kijicho. Alikuwa akimpitisha Zuhura barabara ya nyuma ili asionekane na Saumu.

Ningeweza kumwambia Bi Rukia kwamba hakuna jicho linalolegeza mji wa mimba. Kuna manesi wangemwambia hivyo, na Zuhura angezalia bafuni mara ya pili. Mimi nina tabia mbaya. Mtu akinipa imani yake simpokonyi, namgeuzia upande unaonifaa.

"Bi Rukia," nikamwambia kwa sauti ya chini, nikitazama huku na huku kama mwizi, "wewe unaficha siri ndani ya nyumba yenye dirisha linalotazama kona ya Saumu? Uchungu hautaanzia Shella. Utaanzia kwangu, nyuma ya ukuta wa hospitali, ambako hakuna anayemjua. Na Shella watajua ameenda kwao Ngomeni, kama ada. Nani ataushuku?"

Macho ya yule mama yaliwaka. Akanishika mkono. "Kumbe wewe ni mtu wa maana," akasema, na miaka yote ile alikuwa akiniona mtu wa sindano tu.

Basi Zuhura akahamia kwangu. Mamake akashuka kutoka Ngomeni, maana ada inasema mtu azae kwao, na kwao kwa mtu ni mama. Nyumbani kwa Athmani, mkwewe, mama huyo asingeweza kulala, ingekuwa fedheha, lakini kwangu akaja na godoro lake, kinu chake cha kutwangia pilipili manga, na maoni kuhusu mapishi yangu.

Nikawapigisha mazoezi. Nilikuwa nikipiga makofi ghafla tukiwa tunakunywa chai, Zuhura ananyanyuka, mamake anabeba begi na beseni, tunatoka mlango wa nyuma, tunapita geti dogo la wafanyakazi mpaka mlango wa leba. Mlinzi wa getini kila akituona alisimama na kusema hongera. Mara ya tatu akaniuliza pembeni, kwa huruma, kwani mtoto huyu anazaliwa kwa vipande?

Jambo moja nilimfundisha mamake Zuhura peke yake, nanyi lishikeni. Mwanamke aliyelelewa kuficha uchungu usimtazame usoni. Uso umefunzwa. Mtazame vidole vya miguu, na mtazame akiwa ameshika kitu, kama ananyamaza katikati ya sentensi halafu anaendelea. Akifanya hivyo mara mbili, usimwulize chochote. Beba begi.

Na Bi Rukia? Bi Rukia alikuwa jenerali. Alieneza Shella nzima kwamba Zuhura yuko Ngomeni. Alileta salamu za Ngomeni. Alikwenda soko la Malindi akanunua ng'onda, samaki wa kukaushwa, akawafunga kwenye gazeti, akawagawia majirani kuwa ni zawadi kutoka kwa mamake Zuhura. Hata Saumu akapata wake, ili asishuku. Saumu akamnusa, akasema, "Ng'onda wa Ngomeni wanafanana sana na wa sokoni kwetu," na Bi Rukia akaja kwangu akitetemeka, akauliza kama ni jicho limeanza. Nilicheka mpaka nikalazimika kukaa chini.

Siku yenyewe ilikuja asubuhi. Zuhura alikuwa mkekani na sahani ya mbaazi, hamri mkononi, anatusimulia harusi ya binamu yake. Katikati ya bwana harusi akanyamaza. Kisha akaendelea. Mamake akanitazama. Alipofika kwa bibi harusi akanyamaza tena, na vidole vyake vya miguu vikaushika mkeka.

"Ni gesi tu," akasema.

Mamake alikuwa ameshafika geti dogo na beseni.

Alipolala kitandani alikuwa karibu kabisa. Kwa mzazi kama huyu sindano ya mshipa huwekwa mwanzo, sio damu ikishaanza, kwa sababu mishipa ikishakosa damu inajificha usiione. Kibofu tukakimwaga. Plastiki ya kupimia ikatandikwa. Dawa ikatolewa kwenye friji isiyo na samaki. Daktari akaitwa mapema, akasimama na glovu zake kabla hajahitajika. Mtoto akaja, msichana, kwa sauti ya kulalamika. Tukadunga paja pale pale. Kondo likatoka zima, tukalikagua. Zuhura akacheka, akauliza ana nywele?

Mkono wangu ulikuwa mahali pake. Na chini ya mkono huo nikausikia mji unaondoka.

Niliogopa, wanangu. Miaka yote ile, na niliogopa kama nilivyoogopa siku ya kistuli. Lakini hofu ya safari hii ilikuwa na pa kushika. Nikakanda, mwenzangu akafungulia dripu, dawa ya pili ikaingia, na ile ya kusaidia damu kuganda. Daktari akatazama kama amechanika, akakuta hajachanika. Damu kwenye plastiki ilikuwa inapanda mistari nasi tunaiona, hatubishani ni kidogo au ni wastani. Daktari akaingiza mkono mmoja ndani, mwingine juu ya tumbo, akaubana mji katikati ya ngumi na kiganja, akakaa hivyo. Chupa ya kwanza ya damu ikatundikwa. Ya pili ikafuata. Zuhura alikuwa akinitazama tu machoni, midomo imekauka.

"Sista, kuna anayesoma?" akaniuliza.

"Hakuna anayesoma. Kuna mimi, na ninanuka mbaazi."

Ikapungua. Haikukoma, ilipungua. Daktari akasema bila kuinua kichwa kwamba hospitali inayo akiba kidogo ya damu na ataitumia akilazimika, lakini wiki ile kabati lilikuwa karibu tupu, na Zuhura akihitaji zaidi ya hapo hakuna kitu. Anataka watu waje sasa hivi.

Hapo ndipo ujanja wangu ulipoonyesha tundu lake. Watu gani? Athmani na shemejiye walikwisha kutoa. Shella nzima, mtaa ambao mtu akijikwaa mlango mmoja unapiga yowe, ilikuwa inajua Zuhura yuko Ngomeni anakula samaki.

Nikatoka mpaka kwenye benchi la nje. Bi Rukia alikuwa ameshafika, kaketi na tasbihi, na nikaona midomo yake inataka kuanza Yasini.

"Usimsomee," nikamwambia. "Nataka watu. Wenye afya, wenye damu, wengi."

Alielewa ninachomwomba. Desturi ile ya kuficha alikuwa ameirithi kwa mamake, na mamake kwa mama yake. Akaiweka tasbihi mfukoni, akatoka, nikasikia tuktuk inaondoka.

Yaliyotokea Shella sikuyaona, na kila aliyenisimulia aliongeza chumvi yake, ila wote wanakubaliana kwamba Bi Rukia alishuka kwenye kona, akapanda juu ya benchi la wateja wa viazi, mtu ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akiinua sauti hata kuita paka, akapiga ukelele.

"Enyi watu wa Shella! Zuhura hayuko Ngomeni! Nimewadanganya, na ng'onda niliwanunua mimi! Zuhura yuko hospitali, amezaa, na damu inamtoka! Mwenye mwili mzima na aje! Nakuombeni, watu wangu, nakuombeni!"

Na akalia pale juu ya benchi, mbele ya kila jicho alilolikimbia maisha yake yote.

Saumu alizima jiko. Viazi vilikuwa bado kwenye mafuta, akaviacha. Alifunga leso kiunoni, akampa Bi Rukia mkono ashuke, akaingia naye kwenye tuktuk. Nyuma yao wakaja wavuvi, fundi cherehani, walimu wawili wa madrasa, vijana wa barzani ambao nilidhani hawawezi kutembea. Benchi za maabara hazikutosha. Mlinzi wa getini hakujua aseme hongera au pole, akasema zote mbili. Wa kwanza kulala na kunyoosha mkono alikuwa Saumu, na yale macho yake makubwa ameyafumba, kwa kuwa anaogopa sindano.

Zuhura aliongezewa chupa mbili za akiba. Alasiri mji ulikaza. Nikauweka mkono wangu, nikaupata, embe bichi, na nikakaa hapo na mkono juu ya tumbo lake muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Ndio, nililia. Mtu anayewaambia wakunga hawalii anawadanganya.

Kesho yake Zuhura ameketi, anakunywa uji wa pilipili manga wa mamake na kuulalamikia ukali, Saumu akaja na bakuli la bajia. Akasimama mlangoni pa wodi, hathubutu kuingia, maana alikuwa anajua miaka yote kwa nini watu hupita barabara ya nyuma. Bi Rukia akanyanyuka. Akamchukua mtoto kutoka kwa Zuhura, akatembea naye mpaka mlangoni, akamweka kwenye mikono ya Saumu.

"Mpakate," akasema, kwa sauti ambayo wodi nzima ilisikia. "Mamake sasa ana damu yako mwilini. Nyinyi ni ndugu. Mtu atamhusuduje nduguye?"

Saumu akawa anamtazama mtoto tu, na machozi yanadondokea leso ya mtoto.

Sasa, kitaalamu si kweli. Damu ya Saumu ilikuwa bado iko maabara inapimwa, na chupa za mwisho zilizomwingia Zuhura zilitoka kwa watu wa siku nyingine ambao hatutawajua kamwe. Bwana wa maabara, ambaye alikuwa amesimama kando yangu na vichupa vyake, mtu mkweli sana, alikohoa, akainua kidole, akafungua mdomo ili amsahihishe Bi Rukia.

Nikamkanyaga mguu.